Kiti cha Nyuma cha Gari la Polisi

Kamera ya televisheni ikiingia kwenye gari la polisi hukaa kiti cha nyuma, maana mbele wamekaa maafande wawili na redio ya upepo katikati yao. Mpiga picha hujibana upande mmoja, fundi sauti upande wa pili, mabegi ya betri yakiwa miguuni. Kutoka hapo mtazamaji huona anachokiona askari: barabara, taa za maduka zinazopita, na kwa mbali mtu anayetembea zake ambaye bado hajui kwamba gari linamfuata yeye. Nimekaa kiti hicho. Nilianza kazi ya televisheni nikiwa fundi sauti, baadaye nikawa mhariri wa picha, na katika yote niliyopitia hakuna aina ya kipindi iliyonifikirisha kama hii ya kuwafuata polisi kazini. Kwa nje inaonekana kazi nyepesi: omba kibali, panda gari, washa kamera, matukio yatakuja yenyewe. Na kweli huja. Ugumu uko kwingine.

Katikati ya miaka ya 1990 nilipata nafasi ya kwenda London kusomea uhariri. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo, ujana wake wote umeishia kwenye vyumba vya kukatia filamu, na alikuwa na desturi ya kutuonyesha kazi za watu bila kutueleza kwanza ni za nini. Siku moja alizima taa akaweka kanda ya mfululizo wa BBC uitwao Police. Walioutengeneza ni Roger Graef, Mmarekani aliyehamia Uingereza, pamoja na mpiga picha Charles Stewart. Walikuwa wamekaa miezi na polisi wa Thames Valley, wakiingia nao ofisini, barabarani na kwenye vyumba vya mahojiano. Sehemu tuliyowekewa ilirushwa hewani Januari 1982. Ndani yake mwanamke amefika kituoni mjini Reading kueleza kwamba amebakwa.

Chumba ni kidogo. Mwanamke hatuonyeshwi uso. Mbele yake wapo wapelelezi watatu, wote wanaume, na wanapokezana. Wanamchimba maisha yake na wanaume, wanayarudia matibabu ya akili aliyowahi kupata, kisha wanamwambia waziwazi kwamba hadithi yake ni uongo mtupu. Hakuna muziki. Hakuna msimulizi wa kutuambia tuhuzunike au tukasirike. Mimi kwa mazoea ya kazi yangu husikiliza kabla ya kutazama, na kilichonishika ni sauti ya yule mwanamke jinsi ilivyokuwa inazidi kudidimia kila swali lilipomfikia, huku sauti za wale wanaume zikibaki palepale, za watu walio kazini siku ya kawaida. Taa zilipowashwa hakuna mwanafunzi aliyesema neno kwa muda.

Kilichofuata mwaka ule mwalimu alitusimulia, nami nimekisoma tena mara nyingi tangu hapo. Kulipokucha, nchi nzima ilikuwa inazungumza jambo hilo. Ikasadifu kwamba mwezi huohuo jaji mmoja mjini Ipswich alimtoza mbakaji faini ya pauni 2,000 badala ya kumpeleka jela, akisema binti aliyebakwa alikuwa na uzembe wake kwa kuomba lifti usiku. Mambo hayo mawili yakaungana katika hasira moja. Mjini Reading kikaundwa kikosi cha askari wanawake wa kushughulikia mashauri ya ubakaji, na mwaka 1983 Wizara ya Mambo ya Ndani ikatuma mwongozo kwa polisi wa Uingereza na Wales kuhusu namna ya kumpokea mtu aliyetendewa ukatili huo. Kamera moja, chumba kimoja, na utaratibu wa nchi ukatikisika.

Nikawa najiuliza: kwa nini wale wapelelezi hawakuificha tabia yao? Kamera waliiona. Walikuwa wameizoea, ndiyo, kwa sababu Graef na mwenzake hawakuwasha taa za ziada, hawakumwomba mtu arudie tendo, hawakumhoji mtu, walikaa tu hadi wakawa sehemu ya samani. Lakini mazoea peke yake hayatoshi kueleza. Nadhani hawakuficha kwa sababu hawakuona cha kuficha. Kwao huo ndio ulikuwa upelelezi wenyewe, walivyofundishwa na waliowatangulia. Hapo ndipo nilipoielewa thamani ya kukaa muda mrefu na watu: unayapata mambo ambayo wao wenyewe wameacha kuyaona, na ambayo hakuna mwandishi wa habari angeyapata kwa kuuliza maswali.

Kabla hatujatoka darasani mwalimu alituuliza swali moja. Katika chumba kile, nani alikubali kupigwa picha? Polisi walikubali, kupitia wakubwa wao. Mwanamke alikuja kuomba msaada akakuta kamera ipo. Ndiyo maana, alisema mwalimu, uso wake ulikuwa amana mikononi mwa watengenezaji, na waliilinda. Swali lile limenifuata kila chumba cha kuhariri nilichokaa.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda Marekani kumtembelea dada yangu Houston. Nyumba yao ilikuwa na ratiba ya Jumamosi isiyovunjwa: jioni wali unapakuliwa, watoto wanakaa chini, na kwenye kituo cha Fox kinaanza Cops. Kipindi hicho kilizaliwa tarehe 11 Machi 1989, kikiwafuata askari wa sherifu wa Broward, Florida. Waandaaji, John Langley na Malcolm Barbour, walikuwa wamezungusha wazo lao kwa miaka bila kupata mnunuzi. Ukaja mgomo wa waandishi wa 1988, vituo vikawa vinatafuta vipindi visivyohitaji mwandishi wala mwigizaji, na Fox ikakichukua. Kila toleo lina vipande vichache vya dakika kadhaa, hakuna msimulizi, na mwanzoni unapigwa wimbo wa rege wa kundi la Inner Circle kutoka Jamaika. Watoto wa dada waliuimba wote, mdogo wao akiwa bado hajajua kusoma. Sauti ya mwanamume hutamka pia kwamba washukiwa wote hawana hatia mpaka mahakama ithibitishe vinginevyo. Hutamkwa haraka, kisha watu wanaanza kukimbizwa.

Nilikitazama kwa macho ya fundi na sitakidharau. Kupata sauti safi huku unakimbia nyuma ya askari anayeruka ukuta ni kazi ya watu hodari. Ila nilimtazama pia shemeji. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala, mtu mpole asiyemwinulia mtu sauti, na kila kijana alipotoka mbio kwenye skrini yeye alisogea mbele kwenye kochi. "Shem," aliniambia, "kama hana kosa, anakimbia nini?" Alimwonea uchungu askari aliyeteleza. Alipumua askari alipomfikia kijana.

Wiki hiyohiyo tulisimamishwa barabarani. Taa ya nyuma ya gari ilikuwa imekufa. Shemeji aliona zile taa za bluu na nyekundu kwenye kioo, akasogea pembeni polepole, akazima injini, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani na vidole amevitandaza. "Usishike begi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Usishike chochote. Tulia hivyohivyo." Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka. Askari alikuja, akamulika tochi, akazungumza kwa adabu, akatoa onyo la taa, akatutakia usiku mwema. Dakika tatu labda. Shemeji hakuwasha gari mpaka taa za polisi zilipopotea kabisa, na tulifika nyumbani bila kuzungumza.

Jumamosi ilipofika akakaa kwenye kochi lake na kusogea mbele kama kawaida. Sikumuuliza kitu, angejibu nini? Lakini nililiona jambo ambalo darasa zima la London halikunifundisha. Mtu yuleyule, barabarani alikuwa mbele ya taa za gari, na sebuleni amewekwa kiti cha nyuma cha gari hilohilo. Kamera ikikaa muda mrefu upande mmoja wa tochi, mtazamaji husahau kwamba upande wa pili nao una watu, hata kama mmoja wao ni yeye mwenyewe.

Niliporudi kazini nilianza kufuatilia jinsi kipindi kile kinavyotengenezwa. Mshukiwa hupewa karatasi ya idhini aisaini. Asiposaini, uso hufichwa. Langley alisema mara nyingi kwamba karibu wote husaini. Mwaka 2019 Dan Taberski na wenzake walitoa mfululizo wa sauti uitwao Running from Cops, baada ya kutazama vipindi zaidi ya 800 na kuwatafuta watu waliowahi kuonekana humo. Baadhi yao walisema walisaini wakiwa wamelewa, au wakiwa na pingu, au wakidhani karatasi ile ni ya polisi. Idara za polisi kwa upande wao zilikuwa na haki ya kuangalia picha kabla hazijarushwa na kuomba zisizowapendeza ziondolewe. Uhalifu wa kutumia nguvu, dawa za kulevya na ukahaba vilionekana kwenye kipindi kwa wingi usiolingana na hali halisi mitaani, na karibu kila mkimbizano uliishia kwa kukamatwa mtu. Mimi nimeishi kwa kukata picha, najua maana yake. Ukiwa na saa mia za doria, zile ambazo gari linazunguka bure, mtu amepigiwa simu kimakosa, au kijana amesimamishwa akakutwa hana kitu, zote zinaanguka chini. Kila kinachobaki kimetokea kweli, na bado picha nzima inapotoka.

Haikulazimika kuwa hivyo. Miaka zaidi ya kumi kabla ya Cops, Alan na Susan Raymond walizunguka usiku na askari wa kituo cha 44, Bronx Kusini, New York, wakiwa na kamera ya video iliyokuwa ngeni wakati huo, wakatoa The Police Tapes mwaka 1977. Mkuu wa polisi wa Bronx, Anthony Bouza, anakaa mbele ya kamera anaeleza kwamba jeshi lake linatumika kuwatuliza maskini ili nchi isilazimike kuutazama umaskini wao. Nimelitazama hilo zaidi ya mara moja. Afisa mwenye cheo anasema jambo ambalo wanasiasa wa mji wake walilikwepa. Alipewa nafasi na muda wa kufikiri kwa sauti. Kipande cha dakika saba chenye mkimbizano hakina mahali pa kumweka mtu kama huyo.

Kuna vifo pia, na hapa naandika kwa uzito. Mei 2010, mjini Detroit, polisi waliivamia nyumba usiku kumtafuta mshukiwa wa mauaji, wakarusha bomu la kishindo dirishani, na mtoto wa kike wa miaka 7 aliyekuwa amelala kwenye kochi akapigwa risasi akafa. Mshukiwa alikuwa kwenye nyumba ya juu, jengo hilohilo. Nje walikuwepo wapiga picha wa kipindi cha The First 48. Askari aliyefyatua alishtakiwa, wazee wa baraza wakashindwa kukubaliana mara mbili, na Januari 2015 shitaka likafutwa. Kama kamera ziliongeza kishindo usiku ule au la, watu wa Detroit wamebishana miaka yote. Mimi najiuliza jambo dogo zaidi: uvamizi wa aina ile ungepangwa vipi kama anayesubiri nje angekuwa mwangalizi wa mahakama badala ya kipindi cha burudani?

Agosti 2014, mjini Omaha, Nebraska, fundi sauti wa Cops aliingia na askari kwenye mkahawa uliokuwa unavamiwa na mwizi. Bastola ya mwizi ilikuwa ya kuchezea. Risasi iliyomuua fundi ilikuwa ya polisi, ikapenya pembeni, mahali ambapo fulana ya kuzuia risasi haifiki. Alikuwa na miaka 38, na ndiye mfanyakazi wa kwanza wa kipindi hicho kufa kazini katika miaka yake 25. Habari ile ilinikaa kwa namna ya pekee. Fundi sauti hufanya kazi macho yake yakiwa kwenye mita na masikio yamezibwa na hedifoni. Hukimbilia wanakokimbilia wenzake kwa kuwaamini tu.

Kifo cha tatu ndicho kilichogeuza mambo. Machi 2019, karibu na Austin, Texas, manaibu wa sherifu walimfukuza mwanamume mweusi wa miaka 40 ambaye hakuwa amepunguza taa za mbele za gari lake. Gari lilipogonga na kusimama, walimpiga na bunduki ya umeme mara kadhaa naye akiwaambia ana ugonjwa wa moyo na hawezi kupumua. Alikufa. Wapiga picha wa Live PD, kipindi kilichokuwa kinarushwa moja kwa moja na kituo cha A&E tangu 2016, walikuwepo na walirekodi. Picha zile hazikurushwa kamwe, na baadaye zikaharibiwa. Umma ulipokuja kujua, Juni 2020, George Floyd alikuwa ameuawa na polisi Minneapolis wiki mbili tu nyuma. Ndani ya siku chache Cops na Live PD vyote vikaondolewa hewani. Mwaka uliofuata Texas ikapitisha sheria ya kuzikataza idara zake za polisi kuingia mikataba na vipindi vya namna hiyo. Manaibu wawili walishtakiwa na mwaka 2024 baraza likawaona hawana hatia. Hilo nalo lazima lisemwe. Cops ilirudi mwaka 2021 kwenye jukwaa la kulipia, na waliokuwa Live PD wakarudi mwaka 2022 kwa jina jingine.

Mtu wa kazi yangu hawezi kulipita hilo la kuharibu picha. Mwaka 1982 kamera ilikuwa chumbani na kilichotokea chumbani kikafika kwa wananchi. Mwaka 2019 kamera ilikuwa barabarani, mtu akafa mbele yake, na kilichobaki ni kumbukumbu za kamera za polisi wenyewe. Kamera haikupungua ubora katika miaka hiyo 37. Kilichobadilika ni nani mwenye neno la mwisho kuhusu kanda.

Nyumbani nako tulijaribu. Mkurugenzi wa vipindi wa kituo nilichofanyia kazi, ambacho sitakitaja, alikuwa amekiona kipindi cha Wamarekani kwenye dishi, akataka cha kwetu. Kibali kikapatikana. Tukaanza kupanda difenda ya polisi usiku, kwenye mji mmoja wa pwani, mimi na mpiga picha wa siku nyingi ambaye sote tulimwita Mzee. Alikuwa na tabia ya kuwaamkia watu kabla hajainua kamera, hata walevi. "Shikamoo mama, sisi wa televisheni." Baadhi ya vijana wa kituo walimcheka. Mimi nilianza kuona kwamba picha zake zilikuwa na kitu ambacho zetu hazikuwa nacho: watu ndani yake walikuwa wanajua wako wapi.

Usiku mmoja gari lilisimama kwenye kijiwe nyuma ya soko. Vijana wakatawanyika, mmoja akashikwa. Alipandishwa nyuma ya difenda akakalishwa chini, katikati ya viatu vyetu. Ndala moja ilikuwa imebaki mtaroni. Jambo la kwanza alilofanya ni kuvuta fulana yake juu akajifunika uso wote, tumbo likabaki wazi, akajikunja. Maiki yangu ilikuwa karibu naye sana. Nilisikia anavyopumua ndani ya kitambaa, haraka haraka, na neno moja analolirudia ambalo nilichelewa kulitambua. Alikuwa anataja jina lake. Jina lake kamili, la baba na la babu, kama anayejiandikisha.

Askari mmoja kijana akamwambia, "Fungua uso, angalia kamera. Saa hizi ndiyo unaona haya?" Akanyoosha mkono kuishika fulana. Mzee aliishusha kamera mpaka ikawa inaangalia sakafu ya gari. Akasema kwa utulivu, "Afande, huyu bado ni mtuhumiwa. Uso wake sina kazi nao." Kukawa kimya. Kiongozi wa doria, sajenti mtu mzima, alikuwa amekaa mbele na dirisha la nyuma liko wazi. Akageuka. Nilitegemea makaripio. Akasema, "Mwacheni. Mzee kazi yake anaijua." Na yule askari kijana akarudisha mkono wake, bila kinyongo nionavyo mimi, kama mtu aliyeonyeshwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Asubuhi Mzee alinivuta turudi kituoni, ingawa zamu yetu ilikuwa imekwisha. Alitaka kujua mwisho. Mwisho ulikuwa kwamba anayetafutwa ni mwingine, mwenye jina la utani lilelile. Kijana alikuwa ameachiwa kabla ya saa tatu, akaondoka na ndala moja. Tukapiga picha kaunta, kitabu cha matukio kikifungwa, na mama yake aliyekuwa amekuja na chai kwenye chupa akiuliza aelekee wapi kumfuata.

Nilivihariri vipande vile nikavipeleka kwa mkurugenzi: usiku wote, hadi asubuhi. Alitazama mpaka mwisho, akaniambia hakuna tukio humo. Alitaka kukamatwa, na uso. Hatukuelewana, na mfululizo haukufika hewani. Mzee alifariki miaka michache baadaye, Mungu amrehemu. Sijawahi kufanya kazi na mtu aliyeniwekea kiwango cha juu zaidi yake.

Tazama taarifa zetu za habari sasa. Meza imepangwa misokoto ya bangi, mapanga, simu, vipuri vya pikipiki. Nyuma ya meza vijana wamechuchumaa mstari, kamanda anasoma, na kamera inatembea usoni mwao mmoja baada ya mwingine bila haraka. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema hivyohivyo katika ibara ya 50. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Tunazo sheria za kutosha. Tunachokosa ni mpiga picha anayesubiri mlangoni mwa mahakama siku mmoja wa wale vijana anapoachiwa huru. Zamani kosa hilo la kuonyesha nyuso lilipotea na gazeti la jana. Leo uso unakaa kwenye simu za watu, na mwajiri akitafuta jina anaukuta palepale, amechuchumaa, miaka na miaka.

Wapo wanaoniambia basi kamera iondoke kabisa kwa polisi. Siwaungi mkono. Kazi ya polisi inafanywa kwa jina letu, usiku tukiwa tumelala, na wengi wetu hatujui askari anashinda na nini: ugomvi wa ndoa, mtoto aliyepotea sokoni, mlevi anayelia, ajali, karatasi. Anayeijua kazi hiyo ataidai ifanywe vizuri na atamtetea anayeifanya vizuri. Ninachokataa ni kuigeuza kuwa mkimbizano, na kumgeuza maskini kuwa kifaa cha mkimbizano huo. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Wilson dhidi ya Layne, iliamua kwamba polisi wakiingiza waandishi ndani ya nyumba ya mtu wakati wa kutekeleza hati wanavunja katiba. Waliolalamika ni mume na mke walioamshwa alfajiri wakiwa na nguo za kulalia, na mpiga picha wa gazeti anawapiga picha. Yule mume na mke nimewafikiria mara nyingi. Huku kwetu wangekuwa kwenye habari za saa mbili.

Sasa hivi niko katika mazungumzo na afisa mmoja mwanamke, inspekta, anayesimamia Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo kimoja. Wazo ni lake. Anataka watu waone dawati linavyofanya kazi kuanzia mtu anapoingia hadi kesi inapofika mahakamani: namna ya kumkaribisha, chumba chenye mlango unaofungika, fomu ya PF3 anayopewa aende nayo hospitali, na yale mashauri yanayokufa kwa sababu familia imekaa kikao ikamaliza mambo kienyeji. Nilimwonyesha ile filamu ya Reading. Aliitazama amekunja mikono, na ilipokwisha akaniambia amewahi kufanya kazi na watu wa namna ile, na kwamba baadhi yao walibadilika.

Masharti mengi tumeshakubaliana. Hakuna uso wa anayekuja kulalamika, wala wa anayetuhumiwa, wala sauti inayotambulika; hilo nitalifanya mwenyewe kwa mikono yangu. Idhini haiombwi siku ya tukio, inaombwa baada ya wiki, mtu akiwa nyumbani kwake, na akisema hapana kanda inafutwa mbele yake. Kila tutakachokianza tutakifuata mpaka mwisho wake, hata ukiwa mwisho usio na tukio. Limebaki moja tunalovutana. Yeye anataka ofisi yake ione kazi kabla haijarushwa na iwe na haki ya kuondoa kitu. Nimemwambia waje waone, wanisahihishe nilipokosea sheria au jina la fomu, na waniambie kama nimeacha alama yoyote ya kumtambulisha mtu aliyekuja kuomba msaada. Zaidi ya hapo mkasi unabaki kwangu. Anasema wakubwa wake hawatakubali. Nimemjibu kwamba Thames Valley walikubali, na kwamba kilichowaaibisha ndicho kilichowasaidia kubadilika. Ameniomba nimwandikie hoja hiyo kwa barua rasmi aipeleke juu, na barua ameshaipeleka.